Lori la zamani likichemsha: jua kwanza linachemsha wakati gani, ndipo utume pesa za gasketi

SIMU ikiita usiku na dereva akasema "bosi, gari linachemsha", mwenye lori huwa na uamuzi mgumu wa kufanya. Yeye yuko Dar es Salaam au Mombasa, gari liko njiani kuelekea Tunduma, Rusumo au Malaba, na fundi aliyepatikana pale barabarani amekwishatoa jibu: gasketi ya hedi imeungua, zitumwe pesa za gasketi, oili na kazi. Wengi hutuma. Baada ya siku tatu gari linawashwa, linatembea kilomita sitini, na linachemsha tena.

Kinachotokea hapo ni kwamba gasketi mara nyingi ni matokeo ya kuchemsha, wala si chanzo chake. Injini ilichemsha kwa sababu nyingine, joto likapinda hedi, gasketi ikaachia. Ukibadilisha gasketi na ukaacha sababu ya kwanza mahali pake, umenunua siku chache tu za kutembea. Makala haya yanaeleza namna ya kumtafuta mkosaji wa kweli, kuanzia na vitu vya bei ndogo, na maswali ambayo mfanyabiashara anaweza kuyauliza kwa simu bila kuwa fundi.

Hasara haiko kwenye spea peke yake

Kabla ya kuingia kwenye injini, tuangalie hesabu. Chukua kiasi ambacho lori lako linakuingizia kwa mwezi baada ya kutoa mafuta, posho na ushuru wa njiani, kisha ukigawe kwa siku za kazi. Tuseme, kwa mfano tu, linabaki na dola 1,800 kwa mwezi wa siku 24 za kazi. Kila siku linayosimama umepoteza dola 75, na siku nne ni dola 300, kabla hujalipa fundi hata senti moja. Mshahara wa dereva, bima na marejesho ya mkopo wa benki havisimami gari linaposimama.

Kwa mzigo wa transiti kuna tatizo jingine. Kontena lina lakiri ya forodha, na huwezi kuhamishia mzigo kwenye lori jingine pembeni mwa barabara kama unavyohamisha magunia ya mahindi ya ndani. Lazima forodha wajulishwe na watoe kibali. Tangu mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikifuatilia mizigo hiyo kwa mfumo wa pamoja wa kielektroniki, hivyo gari linaposimama muda mrefu mahali pasipotarajiwa linaonekana na maswali yanaanza. Kwa maana hiyo, kukosea kutambua ubovu mara moja ni gharama. Kukosea mara mbili katika safari moja kunaweza kula faida yote ya safari hiyo.

Joto linatoka wapi na linakwenda wapi

Katika injini ya dizeli, sehemu kama theluthi moja au zaidi kidogo ya nguvu iliyomo kwenye mafuta ndiyo inayosukuma gari. Inayobaki ni joto. Sehemu yake inatoka kwa moshi, na sehemu nyingine kubwa inabebwa na maji hadi kwenye rejeta, ambako upepo wa feni unaichukua. Injini nyingi za malori hufanya kazi vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi.

Kuchemsha kuna maana moja kati ya tatu. Ama maji ni pungufu, ama maji yapo lakini hayazunguki au hayapozwi, ama injini inazalisha joto kuliko mfumo ulivyotengenezwa kulibeba. Kazi ya uchunguzi ni kujua uko kwenye lipi kati ya hayo matatu.

Njia zetu nazo zina mchango wake. Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini kila unapopanda mita 300 kiwango hicho hushuka kwa takribani nyuzi moja. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yaliyo wazi huchemka pale kwenye nyuzi 95 hivi. Timboroa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ni zaidi ya mita 2,700, na maji huchemka karibu na nyuzi 91. Kinachookoa lori ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima wa baa 0.5 hushikilia mgandamizo unaopandisha kiwango cha kuchemka kwa takribani nyuzi 11.

Sasa fikiria lori la miaka ishirini lenye mfuniko uliolegea springi au mpira wake umekatika. Dar es Salaam halina shida. Likifika Kitonga, likiwa linapanda kwa gia ndogo kutoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula, maji yanachemka katika joto ambalo ni la kawaida kabisa kwa injini hiyo. Dereva anaona mvuke, fundi anasema gasketi, na kumbe kilichokufa ni mfuniko. Kwa sababu hiyo mfuniko ndio wa kwanza kukaguliwa, na lori linalovuka mipaka lisikose mfuniko wa akiba wa mgandamizo uleule alioandika mtengenezaji.

Swali la kwanza: linachemsha wakati gani?

Fundi mzuri huuliza swali hili kabla ya kushika spana. Muda ambao mshale unapanda ndio unaoonyesha pa kutafuta.

Likichemsha kwenye foleni au likiwa limesimama linanguruma, lakini likitembea kasi mshale unashuka, tatizo liko kwenye feni. Lori likitembea, upepo wa barabarani unasaidia kupoza, na likisimama ni feni peke yake. Kagua mkanda: ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, injini ikiwa imezimwa. Ukizama zaidi ya sentimita moja na nusu hivi, umelegea. Malori mengi yana feni yenye klachi ya mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa baridi na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka yenyewe raundi nyingi bila kushika, klachi imekwisha. Injini ikiwa ya moto na inafanya kazi, feni nzima husikika ikivuma kwa nguvu. Angalia pia kama lile boksi la plastiki au bati linalozunguka feni bado lipo, maana magari mengi ya zamani yamelipoteza baada ya ajali ndogo, na bila hilo feni huzungusha upepo uleule wa moto.

Likienda vizuri tambarare na kuchemsha mlimani likiwa na mzigo, rejeta ndiyo mshukiwa mkuu. Kwanza ikaguliwe kwa nje. Vumbi likichanganyika na oili inayovuja hufanya tope gumu kati ya rejeta na ile rejeta ya hewa ya turbo iliyo mbele yake, mahali ambapo jicho halifiki hadi zitenganishwe. Ioshwe kwa maji ya kawaida kutoka upande wa feni kwenda mbele. Mashine yenye presha kubwa ikielekezwa karibu hulaza mapezi na kuziba njia za upepo.

Kisha ndani. Maji ya visima yenye chumvi huacha ukoko kwenye mirija, na mirija ikiziba nusu, rejeta inatosha kwa gari tupu lakini haitoshi kwa gari lenye shehena. Hapa kipimajoto cha kuelekeza, kile kinachosoma joto bila kugusa, ni kifaa cha bei nafuu chenye faida kubwa. Kikipitishwa juu ya uso wa rejeta, sehemu zilizo baridi kuliko nyingine ndizo zilizoziba. Kifaa hicho pia kinathibitisha kama mshale wa dashibodi unasema kweli, kwani si mara moja gari limevuliwa hedi kwa sababu ya sensa mbovu.

Mipira miwili ya rejeta nayo hutoa taarifa. Injini ikiwa ya moto, mpira wa juu ukiwa wa moto sana na wa chini ukiwa baridi, maji hayazunguki: ni themostati iliyoganda, pampu ya maji iliyokufa au rejeta iliyoziba. Yote miwili ikiwa ya moto karibu sawasawa, maji yanazunguka lakini hayapozwi, basi rudi kwenye feni na upande wa nje wa rejeta. Aidha, mtu mmoja akikanyaga mafuta, mwingine autazame mpira wa chini akiwa mbali na feni. Ukinywea kama unaonyonywa, ama rejeta imeziba, ama mpira wenyewe umechoka.

Likichemsha mlimani na kila kitu hapo juu ni kizima, jiulize kuhusu joto la ziada. Breki za trela zinazoshika hufanya injini ivute mzigo mkubwa kuliko ule ulio kwenye karatasi za mizani. Gari likisimama, sogeza mkono karibu na kila ringi bila kuigusa, na ile yenye joto kuliko wenzake ndiyo inayokamata. Pampu ya dizeli "iliyoongezwa" ili gari lipande kwa nguvu nayo hutoa moshi mweusi na joto kupita kiasi. Na mzigo ukizidi, hakuna rejeta itakayovumilia. Kikomo cha tani 56 katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kwa lori lenye ekseli za kutosha. Kichwa cha zamani chenye nguvu ndogo kinaweza kupita mizani bila faini na bado kikashindwa na mlima.

Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, mambo ni mawili. Ama themostati imeganda ikiwa imefungwa, ama moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Kuna pia uwezekano wa hewa iliyonaswa baada ya maji kubadilishwa, ambayo hutolewa kwa kulegeza skrubu za kutolea hewa wakati wa kujaza.

Likichemsha linaposhuka mlima, wengi hushangaa. Baadhi ya malori makubwa yana ritada ya mafuta, ile breki ya kwenye gia boksi, ambayo humwaga joto lake kwenye maji ya injini. Ukishuka kwa gia kubwa injini ikizunguka polepole, pampu ya maji nayo inazunguka polepole na joto linalimbikizana. Dawa yake ni kushuka kwa gia ndogo, injini ikizunguka kwa kasi inayoruhusiwa.

Kabla ya kuhukumu gasketi

Gasketi ya hedi ikiachia kweli, kuna dalili. Maji yanapungua bila kuonekana yanapovuja. Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe wenye harufu tamu ya kulanti unaendelea hata injini ikishapata moto. Mipira ya rejeta inakuwa migumu kama jiwe muda mfupi baada ya kuwasha. Rejeta ikijazwa injini ikiwa baridi, na injini ikawashwa mfuniko ukiwa wazi, mapovu yanatoka mfululizo bila kukoma.

Hata hivyo, mapovu peke yake hayatoshi kuhukumu, na hapa ndipo wenye malori wengi hupoteza pesa. Kompresa ya upepo wa breki katika malori mengi inapozwa kwa maji hayahaya ya injini. Hedi yake ikipasuka au gasketi yake ndogo ikiachia, inasukuma upepo kwenye maji, na dalili zake hufanana na za gasketi ya injini: mapovu, maji kurushwa nje, gari kuchemsha. Njia ya kutofautisha ni kuiondoa kompresa kwenye mzunguko wa maji kwa muda mfupi gari likiwa limesimama, kwa kuunganisha mipira yake miwili pamoja, kisha kutazama kama mapovu yamekoma. Gereji nyingine zina dawa ya maji ya bluu inayogeuka rangi inapokutana na moshi wa injini, na haigeuki kwa upepo wa kompresa. Tofauti ya gharama kati ya majibu haya mawili ni kubwa mno kuliko dakika ishirini za kupima.

Ikithibitika ni gasketi, uliza jambo moja zaidi: injini ina hedi ngapi? Injini nyingi kubwa za Ulaya, zikiwamo za Scania za lita 11 na 12 zilizojaa kwenye njia zetu, zina hedi moja kwa kila silinda. Fundi akijua ni silinda ipi, hana sababu ya kuvua zote sita. Kwa injini yenye hedi moja ndefu, hedi lazima ipimwe kwa rula iliyonyooka na isawazishwe ikiwa imepinda, la sivyo gasketi mpya haitadumu.

Msitoe themostati

Kuna desturi katika gereji nyingi za Afrika Mashariki ya kuitoa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi zetu ni za joto. Hoja hiyo haina msingi. Themostati huhakikisha injini inafikia joto lake la kazi haraka. Injini inayofanya kazi baridi hunywa mafuta zaidi na laina zake huchakaa upesi. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi za malori themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa, na gari linachemsha mlimani kuliko mwanzo.

Kuipima ni rahisi. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji yanayopashwa moto. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi zilizoandikwa juu yake, mara nyingi 80 na kitu, na iwe imefunguka yote kabla maji hayajachemka sana. Isipofunguka, nunua nyingine.

Dereva afanye nini pale barabarani

Mshale ukianza kupanda, dereva apunguze mwendo, ashuke gia na kufungua hita ya ndani yote, kwani hita ni rejeta ndogo ya pili. Akipata mahali salama asimame. Ikiwa maji hayajamwagika, aiache injini ingurume bila mzigo, mizunguko ikiwa imepandishwa kidogo, kwa dakika chache ili feni na pampu viendelee kutoa joto. Ikiwa mpira umepasuka au mvuke unatoka kwa nguvu, azime mara moja.

Ajihadhari na mshale unaoshuka ghafla baada ya kupanda. Si kwamba injini imepoa. Mara nyingi maji yamekwisha, na sensa imebaki hewani haina inachopima. Madereva wengi wameua injini kwa kufurahia mshale huo.

Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwani maji yaliyo chini ya mgandamizo hulipuka kuwa mvuke na kuunguza uso na mikono vibaya. Isubiriwe saa moja au hadi mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono. Maji baridi nayo yasimwagwe kwenye injini ya moto, maana chuma hupasuka. Yaongezwe taratibu, injini ikishapoa, na kila lita inayoongezwa iandikwe. Kiasi hicho kitamsaidia fundi kuliko maelezo marefu.

Mtaroni si mahali pa kuchota maji ya injini, isipokuwa kwa dharura ya kufika gereji. Injini nyingi za malori zina laina zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Bila kulanti yenye dawa inayofaa, mtikisiko wa laina hutengeneza vipovu vinavyochimba vishimo kwenye chuma hadi laina inatoboka. Kulanti si rangi tu ya maji.

Maswali matano ya kuuliza kwa simu

Kabla ya kutuma pesa, mwenye gari amuulize dereva na fundi haya: Linachemsha wakati gani, kwenye foleni, mlimani, likishuka au likiwashwa tu? Maji yamepungua kiasi gani na yanapotelea wapi? Mfuniko, mkanda na feni vimekaguliwa na vimeonekanaje? Mpira wa juu na wa chini una joto gani? Na kama inasemwa ni gasketi, imepimwaje, na kompresa ya upepo imeondolewa kwenye mashaka?

Fundi mwenye majibu ya maswali haya anastahili kulipwa. Asiye nayo bado anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa zako. Mwombe aanze na mfuniko, mkanda, usafi wa rejeta na themostati, vitu ambavyo jumla yake ni sehemu ndogo ya bei ya kuvua hedi, kisha aendelee juu kwa utaratibu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika lori la zamani, ufa wenyewe mara nyingi ni mfuniko wa rejeta ambao hakuna aliyeutazama kabla gari halijaondoka bandarini.